Nataka kufanya dodoso kabla ya kushuti muvi fupi ya kutisha (Mtwara/Lindi), niulize nini na nimuulize nani?

BintiShangani

Habari wakuu, na shikamoo kwa wakubwa wote humu ndani.

Nasoma mambo ya filamu mwaka wa mwisho, chuo kipo mbali ila nyumbani ni Mtwara mjini na kazi yangu ya kumalizia nimeamua niishuti huku huku kwetu. Ni muvi fupi ya kutisha, dakika 10 mpaka 12. Kabla sijaandika skripti mwalimu anataka ripoti ya watazamaji, yaani niwahoji watu ninaowalenga nijue wanaogopa nini, wanaangalia wapi, wanachoshwa na nini, afu majibu yao yaonekane kabisa kwenye hadithi, sio unajaza ripoti halafu unashuti kile kile ulichokuwa nacho kichwani tangu mwanzo. Na mimi nakubaliana nae, maana muvi zetu nyingi za kutisha mtu anajipaka unga usoni anavaa lenzi nyekundu tunaambiwa hilo ni jini, watu wanacheka, na inaniuma kiukweli kwa sababu huku kusini tuna hadithi ambazo ukisimuliwa usiku hutoki kwenda choo cha nje peke yako.

Ninaowalenga ni vijana wa miaka 16 hadi 25 wa Mtwara na Lindi. Nina mawazo mawili. La kwanza, wasichana wanne wamepanga chumba kimoja karibu na chuo, mmoja anaanza kusikia anaitwa usiku kwa sauti ya mama yake na mama yupo kijijini. La pili, kijana analinda shamba la korosho msimu wa kuokota, kila usiku anapiga stori gizani na mlinzi wa shamba la jirani, wanapokezana sauti tu, mpaka siku anakuja kugundua shamba la jirani halijawahi kuwa na mlinzi.

Dodoso nimeandaa kwenye Google Forms. Maswali yake ni kama haya: je unapenda filamu za kutisha? Unapenda zipi zaidi kati ya majini, wachawi, mazombi, vampire na muuaji? Unadhani filamu ya kutisha inatakiwa iwe na damu nyingi? Mhusika mkuu awe mwanamke au mwanaume? Sijalituma bado. Naomba kujua kama yanatosha, niulize watu wangapi, na je kuna njia nyingine zaidi ya fomu?

Karani22

Hongera mdogo wangu kwa kuuliza kabla ya kutuma. Nilikuwa karani wa sensa 2022 na baada ya hapo nimekuwa nikikusanya takwimu za miradi ya kilimo Tandahimba na Newala, kwa hiyo ntaongelea upande wa maswali tu, ya kamera wenzangu watasema.

Hilo swali la kwanza litakuletea "ndiyo" nyingi na hutajua uzifanyie nini. Mtu ukimuuliza anapenda nini anakujibu vile anavyotaka aonekane, na kijana wa kiume wa miaka 19 hawezi kukuandikia kwamba kuna kitu anakiogopa, hata siku moja. Muulize alichofanya. Mara ya mwisho kuangalia muvi ya kutisha ilikuwa lini, uliangalizia wapi, ulikuwa na nani, uliimaliza? Kama hukuimaliza ni nini kilikufanya uache? Hapo anakumbuka, hatungi. Na hilo la kuimaliza usiliache kabisa kwa sababu aliyezima kwa kuchoka na aliyezima kwa kuogopa ni watazamaji wawili tofauti, ukiwachanganya kwenye asilimia moja umepoteza kila kitu.

Swali la majini, wachawi, mazombi umeshamchagulia majibu. Mtu ambaye kinachomtisha ni kuitwa na asiyemuona, kama kwenye hadithi zako zote mbili, atatiki majini kwa vile ndo kitu cha karibu kilichopo kwenye orodha yako, na wewe utarudi chuo na ripoti inayosema vijana wa Mtwara wanapenda majini. Anza na maswali ya wazi kwa watu wachache, 15 au 20, uso kwa uso, wewe kazi yako kunyamaza na kuandika. Sikiliza wanatumia maneno gani. Hayo maneno yao ndo unayageuza machaguo ya kwenye fomu ya watu wengi. "Unadhani inatakiwa iwe na damu nyingi" linamsukuma mtu upande, andika tu kuna vitu gani kwenye muvi vinakufanya ugeuze uso, aseme mwenyewe.

Kuhusu idadi usihangaike sana. Hii ni kazi ya chuo, hutafuti asilimia ya mkoa mzima. Watu 60 uliowachagua kwa kufikiria wanakufaa kuliko 400 wa kwenye magrupu ya WhatsApp, maana fomu ya mtandaoni inamfikia mwenye simu janja na bando, na huyo huyo ndo anawatumia rafiki zake wanaofanana nae. Nenda Chikongola sokoni, nenda vijiwe vya bodaboda, stendi, ongea na wauza duka, na angalau kijiji kimoja. Hakikisha wadada ni nusu. Angalia na kalenda pia, kuanzia Oktoba mpaka Desemba vijana wengi wako mashambani na kwenye mambo ya korosho, ukifanya mjini tu miezi hiyo umewakosa wale wale ambao hadithi yako ya pili inawahusu.

Lingine ni la kisheria. Usichukue majina wala namba za simu kama huna kazi nazo. Kuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya 2022, imeanza kufanya kazi Mei 2023, na inamhusu yeyote anayekusanya taarifa za watu. Umri, jinsia, mtaa, basi. Na wa miaka 16 na 17 bado ni watoto, pata ruhusa ya mzazi au shule kwanza, la sivyo anzia 18.

BandaLaMagomeni

Bi dada mimi naendesha kibanda cha video hapa Mtwara, mpira ndo unaolipa ila siku zisizo na mechi tunaweka muvi, na kitu nachoweza kukwambia ni kwamba usiwaulize tu, waangalie, maana mtu anaweza akakaa pale saa nzima anatetemeka akitoka nje ukimuuliza anakwambia muvi ya kawaida tu ile. Mimi nikitaka kujua muvi inafanya kazi sikai nyuma na watazamaji nakaa pembeni ya skrini nawatazama wao usoni, mwanga wa skrini unawamulika vizuri unaona kila kitu. Kelele sio dalili mbaya. Wakianza kumpigia kelele mhusika "usiingie humo we kijana, rudi" ujue wako ndani kabisa, wakianza kutoa simu mfukoni mmoja mmoja ndo umewapoteza. Na kuna ile kimya ya banda zima, hata muuza karanga mlangoni anaacha kuita, hiyo haitokei mara nyingi na ikitokea mimi huwa naangalia ni dakika ya ngapi.

Sasa wewe shuti vipande viwili vifupi hata kwa simu, dakika 3 kila kimoja, kimoja cha wasichana kimoja cha shamba, hata kama havijakamilika, niletee nikuwekee kabla ya muvi kubwa uje ukae pale pembeni na daftari uandike dakika na sekunde wamefanya nini. Hutalipa kitu. Afu baada ya hapo ndo uwaulize maswali yako.

Jambo la kuangalia, wateja wangu wengi wamezoea muvi zilizotafsiriwa, yule DJ anaongea mwanzo mwisho anajaza kila nafasi, kwa hiyo muvi yenye ukimya mrefu wengine wanadhani spika imekufa wanaanza kuniita. Sisemi usiweke ukimya, nasema ujue. Na wadada kwangu hawaji, ni wachache sana, kwa hiyo mimi ntakusaidia upande mmoja tu, huo mwingine utafute njia yake.

Kimbunga_Ruvuma

Mimi napingana na wenzangu kidogo na nasema kwa nia njema. Mtazamaji hajui anataka nini mpaka akione. Ukienda kuwauliza watu 60 wanaogopa nini utapewa vitu walivyokwisha kuviona kwenye muvi nyingine, nyoka, jeneza, mlango unaojifungua wenyewe. Wazo la mlinzi ambaye hayupo hakuna mtu angekupa kwenye dodoso, limetoka kwako. Liamini. Ripoti fanya kwa ajili ya mwalimu, muvi fanya ya kwako.

Karani22

@Kimbunga_Ruvuma kaka hapo kwenye wazo nakuunga mkono, dodoso haliwezi kutunga hadithi. Ila kuna maswali ambayo sio ya wazo. Mtu ataangalia kwenye skrini gani, saa ngapi, peke yake au na familia, ana bando la dakika ngapi, anaelewa Kimakonde kidogo au ni Kiswahili tu, haya mtunzi hawezi kuyajua kwa kukaa chumbani na yanabadilisha muvi. Na wazo lenyewe likishakuwepo ni halali kulipima, maana kinachomtisha aliyelitunga si lazima kimtishe aliyelala shambani maisha yake yote.

BintiShangani

Asanteni sana, nimeandika yote. @BandaLaMagomeni nakuja kaka, asante mno. Swali langu sasa, kwenye yale mahojiano ya uso kwa uso, mtu namuulizaje kuhusu woga bila kumuuliza "unaogopa nini"? Maana hilo naona litanipa hivyo hivyo nyoka na jeneza.

FundiSauti_Mikindani

Usimuulize kitu, muulize sehemu. "Ni wapi hapa mtaani kwenu huwezi kupita peke yako saa nne usiku, na kwa nini?" Ntakupa mfano wa kwetu Mikindani. Wageni wote wakija na kamera wanakimbilia magofu na yale majengo ya zamani, Boma la Wajerumani la 1895, kuta zenye mizizi, wanasema hapa ni muvi ya kutisha tosha. Sisi tuliokulia pale tumecheza kombolela kwenye hayo magofu, hayatutishi hata kidogo. Ila ukimuuliza mtoto wa Mikindani atakutajia mbuyu fulani au kipande fulani cha njia ambacho kwa macho hakina chochote, kichaka tu na mchanga. Muvi ya mtalii ishuti kwenye gofu, muvi ya vijana wa huku ishuti kwenye kile kipande cha njia. Hilo hulipati bila kuuliza, na ndo maana sikubaliani kwamba dodoso ni la mwalimu tu.

Halafu sauti. Mimi kazi yangu ni sauti kwa hiyo hapa niacheni niongee kidogo. Muvi ya kutisha nusu yake ni masikio, na watu wa umri huo wengi wataiona kwenye simu. Ule mngurumo mzito wa chini ambao wote tunaupenda kuweka, spika ya simu haiutoi, haiwezi, ni ndogo mno, mtu anabaki na picha ya mtu anatembea na hasikii chochote cha kumwambia kuna hatari. Kama wengi watakujibu wanatumia spika ya simu basi woga wako uweke kwenye sauti za juu na za kati, majani makavu ya mkorosho yanakanyagwa, mluzi, mtu anapumua, jina linaitwa kwa mbali. Ya korosho hapo una bahati maana chini ya mkorosho majani yanalia sana. Wakikujibu earphone mchezo unabadilika, unaweza kuweka ile sauti ya jirani upande wa kushoto tu kila usiku na siku moja ikatokea kulia. Wakikujibu bandani ni spika kubwa na kelele za watu, sauti ya kunong'ona itapotea. Kwa hiyo hilo swali liulize hivi, "unasikilizia kwa spika ya simu, earphone, au kwenye TV?" na liulizwe kwa kila mtu bila kukosa.

Picha pia. Uliza wanaangalia saa ngapi. Mtu wa bodaboda anaangalia mchana kijiweni anasubiri abiria, jua la Mtwara unalijua, muvi ya giza totoro kwenye kioo cha simu saa saba mchana anajiona sura yake mwenyewe tu. Jaribu kipande chako kwenye simu ya bei rahisi, nje, mchana, kabla hujaamua giza lako liwe kiasi gani.

MamaNewala

Marahaba mwanangu. Mimi nina mambo mawili na yote nayasema kwa uzito.

La kwanza wewe ni mtoto wa kike na utawahoji watoto wa kike, unajua mwenyewe woga wetu sio majini peke yake. Ukimuuliza binti wa miaka 18 ni wapi hapiti usiku, wengine watakutajia sehemu walipofuatwa na mtu, au walipofanyiwa jambo. Hilo swali la mwenzangu wa Mikindani ni zuri ila usiliulize mbele ya watu, usiliulize mbele ya kaka zake, na mwambie kabla hujaanza kwamba swali lolote asilotaka kulijibu aliruke. Akianza kulia weka daftari chini, dodoso limeisha hapo. Ujue kabisa kabla hujaondoka nyumbani utampeleka wapi mtu wa hivyo, dawati la jinsia la polisi au ustawi wa jamii, sio ukimbie na hadithi yake ukaifanye muvi.

La pili ni la mila. Kwetu Umakondeni kuna midimu, zile ngoma za vinyago zinazotoka wakati wa jando, na vijana wa filamu wakiona kile kinyago wanaona hapa kuna kitu cha kutisha. Ni kweli kinatisha, kimewekwa ili kitishe. Lakini kuna mambo ya ndani ya jando na unyago ambayo hayaonyeshwi kwa asiyepita, na kijana wa mjini wa miaka 20 ukimuuliza kwenye fomu kama angependa kuona kinyago kinavuliwa kwenye muvi atakwambia ndiyo naomba. Huyo ndo mtazamaji wako lakini siye mwenye hicho kitu. Wahoji na wazee wachache, wa kike na wa kiume, nje ya hesabu ya watu 60, swali lao liwe moja tu, ni nini tusikionyeshe.

Na bikizee tafadhali. Nimechoka kuona mchawi kila siku ni mwanamke mzee anayeishi peke yake mwenye macho mekundu. Macho yanakuwa mekundu kwa moshi wa kuni miaka hamsini. Huko Kanda ya Ziwa wamama wazee wameuawa kwa hayo macho, na serikali ina Sheria ya Uchawi tangu enzi za mkoloni ambayo kumtuhumu mtu uchawi ni kosa, lakini watu bado wanafanya. Ukishamaliza kuwaonyesha watu kile kipande chako waulize, "ukitoka hapa, utamuogopa nani mtaani kwenu?" Wakikujibu bibi wa nyumba ya tatu, badilisha hadithi.

BintiShangani

Mama hilo swali la mwisho naliweka, tena naliweka kwa kila atakayeona kipande. Sikuwahi kuliona kwenye dodoso lolote walilotupa darasani na naona ndo linahusu zaidi kuliko yote. Bibi kwenye hadithi zangu hayupo na hatakuwepo.

MwalimuMstaafu_Lindi

Marahaba. Nimefundisha vijijini Lindi miaka mingi na nimesoma mjadala huu wote. Nataka nikupe kitu kuhusu hadithi yako ya pili kwa sababu naiona ina mizizi zaidi ya unavyojua.

Kulala shambani usiku sio jambo la muvi huku. Watu wamelala kwenye madungu, vile vibanda vya kulindia shamba, kulinda mazao dhidi ya nguruwe pori miaka yote, na nguruwe ndio waliowaleta simba mashambani. Watafiti waliofuatilia mambo haya walihesabu watu zaidi ya 560 waliouawa na simba Tanzania kati ya 1990 na 2004, na ukanda wetu huu wa kusini mashariki uliumia kuliko sehemu nyingi. Utafiti mwingine wa 2011 ukachukua mashambulizi ya 1988 hadi 2009 ukayalinganisha na mwezi. Walichokuta ni kwamba hatari inapanda siku zinazofuata mwezi mpevu, kwenye zile saa za jioni kabla mwezi haujatoka. Sababu yake inaeleweka, usiku wa mbalamwezi simba hawawindi vizuri, wanakaa na njaa, halafu mwezi ukishapita upevu unachelewa kutoka karibu saa nzima kila siku, jua likizama giza ni zito na watu bado wako nje wanapika, wanaoga, wanatoka shambani. Kijana wako wa korosho akiishi kwenye zile siku chache baada ya mwezi mpevu huhitaji kumwambia mtazamaji wa Lindi kwamba kuna hatari. Mwili wake unajua.

Sasa upande wa dodoso. Swali la umri wa miaka 16 hadi 25 lina jambo ndani yake. Waliozaliwa baada ya 2004 mjini Mtwara wanaweza wasiwe na hofu hiyo kabisa, giza la shamba kwao ni kitu cha kusimuliwa. Waliozaliwa vijijini wanaweza kuwa wamefiwa. Kwa hiyo usiwaweke kwenye fungu moja, waulize wamekulia wapi mpaka miaka 12, na uliza kama wamewahi kulala shambani. Halafu linganisha majibu ya makundi hayo mawili kwa kipande kile kile. Mimi nadhani utakuta mawazo yako mawili yana watu wawili tofauti, la chumba ni la mjini, la shamba ni la kijijini, lakini usikubali kwa vile nimesema mimi, kapime.

Na wapo wanaoamini simba wale walikuwa wa kutumwa. Utayasikia hayo. Yaandike kama yalivyosemwa, usimbishie mtu na usimcheke, ila kwenye muvi usitaje kijiji halisi wala usiweke tukio linalofanana na la familia fulani. Vifo hivyo vina ndugu, na ndugu wana simu.

Kimbunga_Ruvuma

Mwalimu umenipa kitu cha kufikiria hapo kwenye mwezi. Dada, nabaki na jambo moja tu la kwangu, unapoonyesha hivyo vipande bandani na kwingine usiwape mwisho. Hao utakaowahoji ndo hao hao watakaoiangalia na mji wetu mdogo, ukiwaambia shamba la jirani halina mlinzi hiyo habari itafika Mikindani kabla yako. Pima woga wa dakika 3 za katikati, mwisho ubaki nao.

BintiShangani

Sawa nimepanga hivi, nirekebisheni.

Fomu ya kwanza naifuta yote. Naanza na mazungumzo ya watu 20 hivi uso kwa uso, nusu wadada, nusu mjini na nusu kijijini, wote 18 na kuendelea ili nisiingie kwenye mambo ya ruhusa za wazazi, bila majina. Nawauliza muvi ya mwisho ya kutisha waliyoiangalia na kama waliimaliza, wapi hawapiti saa nne usiku, hadithi gani walisimuliwa utotoni ambayo mpaka leo wakiikumbuka wanawasha taa, na nani aliwasimulia. Hili la nani aliwasimulia nimeliongeza mwenyewe kwa sababu nahisi sauti ya msimulizi inaweza kunisaidia kwenye sauti ya yule jirani wa gizani. Wadada nawahoji mmoja mmoja, chumbani au kibarazani, sio kijiweni.

Kutoka kwao ndo natengeneza fomu fupi ya watu wengi, kifaa gani, spika au earphone, saa ngapi, na nani, bando. Wasio na simu janja naijaza mimi kwa mdomo wao. Afu nashuti vipande viwili vya dakika 3 bila mwisho, navionyesha kwa kaka wa banda, kwa kundi la wadada nyumbani kwetu, na naenda navyo kijijini kwenye simu, ili kila kundi lione vyote, nakaa pembeni naandika. Swali la kufunga ni la Mama, utamuogopa nani. Wazee wachache pembeni kuhusu visivyoonyeshwa.

Mwalimu ntaomba unielekeze kijiji cha huko Lindi ambako watu bado wanalala shambani, na je inabidi niwe na kibali ndo niwahoji?

MwalimuMstaafu_Lindi

Kwa kuhoji, chukua barua ya utambulisho ya chuo chako, anza ofisi ya halmashauri, halafu kwa mtendaji wa kijiji, yeye atakupeleka kwa mwenyekiti wa kitongoji. Usiingie shambani kwa mtu na daftari bila hao. Kwa kushuti ni jambo jingine, Sheria ya Filamu na Michezo ya Kuigiza ya 1976 inataka kibali kabla ya kupiga picha za filamu, Bodi ya Filamu ndiyo inayotoa, na hata kama ni kazi ya mwanafunzi muulize afisa utamaduni wa halmashauri mapema, peleka na muhtasari wa hadithi. Hivyo vipande vya majaribio navyo mtajie, asije akavisikia mtaani.

Kijiji ntakutumia jina kwa ujumbe wa pembeni, sitaki kukitaja hapa. Njoo wakati mahindi yameanza kukomaa, ndio watu wanahamia kwenye madungu, na usimtume mwanaume peke yake kuwahoji wamama, njooni wawili na mmoja awe wewe.

BandaLaMagomeni

Bi dada siku za katikati ya wiki nipo kuanzia saa kumi jioni, njoo na flash ila weka faili la MP4, deki yangu mengine haisomi.